Pilau Haivuki Maji

Kosa langu kubwa la mwanzo wa kazi lilikuwa hili: niliwaweka watu na njaa kisiwani, bahari ikirudi nyuma yao, kwa sababu sikuamini kwamba mchele umeiva. Nimelitanguliza ili msije mkalisikia kwa mtu mwingine. Huko Tandika bado wapo wanaolisimulia vizuri kuliko mimi.

Sasa nimeacha kazi. Magoti hayataki tena kuchuchumaa mbele ya moto, na kifua kimeshavuta moshi wa kutosha. Nyie mliobaki na masufuria mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi. Malipo sitayataja, wala majina ya wakubwa niliowapikia. Hayo hayatawasaidia siku vitunguu vitakapoungua. Nitaandika jinsi nilivyoanza, kisha nitaiandika siku moja, ambayo nilidhani imenimaliza.

Kazi hii sikuichagua. Kiwanda cha nguo nilichokuwa nafanya kibarua kilianza kupunguza watu, na mimi niliyekuwa wa mwisho kuingia nikawa wa kwanza kutoka. Nikawa nakaa kwa dada yangu Temeke, sina kazi, nakula vya mtu. Siku moja kulikuwa na harusi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Wapishi wakakosa mtu wa kumenya vitunguu, nikaitwa. Nilikata vitunguu vile vipande vyote sawasawa, nikitoa kile kilichozidi unene na kukikata upya. Mpishi mkuu, Mzee Athumani, akaja akasimama juu yangu.

"Kijana, hapa tunapika au tunatunga shanga?"

Watu wakacheka. Lakini shughuli iliyofuata akanituma mtu niende tena.

Mzee Athumani hakuwa mtu wa kufundisha. Ukimuuliza "kwa nini", anakutuma kuni. Kwa hiyo nilijifunza kwa kuchungulia. Niliangalia mkono wake unavyoingia kwenye mfuko wa bizari na unavyotoka, vitunguu viko rangi gani anapotia nyama, sauti ya supu ikoje anapomwaga mchele. Nikirudi nyumbani najaribu kwenye kijisufuria cha dada. Dada alikula pilau mpaka akaniomba kwa heshima nimpikie ugali.

Nakiri kwamba nilikuwa kijana mwenye wasiwasi usio wa kawaida. Naonja chumvi, naridhika, nageuka, nasahau kama kweli niliridhika, naonja tena. Ikifika saa ya kupakua ulimi umekufa, sijui chumvi wala sukari. Aliyefundishwa na mtu huwa anajua wapi pa kusimama. Mie sikufundishwa, kwa hiyo kila nilichokisikia nilikishika kama aya.

Kimojawapo ni hiki. Baada ya kufunika pilau na kuipalia makaa juu ya kifuniko, Mzee Athumani alimkemea kijana mmoja aliyetaka kuchungulia: "Sufuria la pilau si redio! Usilifungue-fungue." Basi. Nikaichukua ile, nikaiweka moyoni. Mtu akijifunza kwa kuchungulia anaokota sheria lakini haoni siku zinapovunjwa.

Chombo changu cha kwanza kilikuwa sufuria moja kubwa lililokwaruzika, alilonipa Mzee Athumani kwa sababu lilikuwa limebonyea ubavuni na yeye alishapata jipya. Nilikaa nalo siku nzima nikiligonga kwa nyundo ya mpira mpaka likarudi mviringo. Kisha nikalipeleka kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, wakalipigia masikio mawili ya chuma kwa ribiti, yaani pini nene za chuma, ili mti upite na watu wawili wabebe mabegani. Wenzangu walinicheka, wakisema sufuria limevaa hereni. Lile sufuria nililipenda. Nililisugua nje na ndani, masizi yote, wakati kila mpishi anajua kwamba masizi ya nje hayana adui.

Miaka ile maduka yalikuwa yameanza kujaa tena. Sie tuliozoea foleni za sabuni tulishangaa kuona mafuta ya kupikia kwenye madebe yamepangwa mpaka darini, na mchele kutoka ng'ambo kwenye mifuko yenye picha. Mchele ule wa Pakistani ulikuwa mwembamba, mrefu, unanukia hata ukiwa mkavu. Mchele wetu wa Rufiji nilikuwa naujua kama ndugu. Huu mpya uliniogopesha. Ukikosea maji kidogo unakuwa uji, ukikosea upande wa pili unabaki na kiini katikati kama punje ya mchanga. Nyumbani niliujaribu mara nyingi, ukanitii mara chache.

Sasa Mzee Salim. Huyu alikuwa mwenye duka pale Tandika, watu wa asili ya Kiarabu, familia yao iko Dar tangu babu wa babu. Kila mwaka familia nzima ilikuwa inakwenda kuzuru kaburi la mzee wao mmoja, kwenye kisiwa kidogo upande wa pwani ya Kigamboni kwenda kusini. Wenyewe walipaita Kwa Sharifu. Ni kisiwa cha siku za bamvua, yaani zile siku maji yanapopwa mpaka mbali. Unavuka kwa miguu asubuhi juu ya mchanga, na lazima urudi kabla maji hayajajaa. Ukichelewa hapana daraja.

Ziara hiyo ilikuwa na desturi zake. Chakula kinapikwa kulekule kisiwani, karibu na kaburi. Hakuna anayekula kabla ya mkubwa wa familia kuonja. Na chakula kilichopikwa kule hakirudi bara. Kinaliwa kikaisha, au kinachobaki wanaachiwa ndege. Wanasema, "Chakula cha Sharifu hakivuki maji." Ukiziangalia vizuri desturi hizi tatu, utaona kwamba mtu mwenye kisiwa siku ile hakuwa Mzee Salim. Alikuwa mpishi. Mpaka mpishi aseme tayari, hakuna anayekula, na mpaka wale, hakuna anayeondoka.

Mpishi wao wa miaka yote alikuwa Mzee Athumani. Mwaka ule alishikwa na homa, akanituma mimi. "Nenda kapike," akasema kutoka kitandani. "Usinitie aibu." Angesema maneno mengine yoyote ningelala vizuri.

Tulitoka alfajiri na Isuzu la kukodi, tukapita Kongowe, kisha barabara ya mchanga mpaka kijiji kilichokabili kisiwa. Pale akatupokea Kombo, kijana wa rika langu, mwenyeji wa kijiji, ambaye kila mwaka aliwavusha. Alikuwa mchangamfu, ana maneno, na alinitazama mimi na lile sufuria lenye masikio akatabasamu.

"Wewe ndiye injinia wa wali?"

"Mie mpishi."

"Haya, mpishi. Nikikwambia tuondoke, tunaondoka. Unauona huu mkondo?" Alinionyesha mfereji wa maji karibu kabisa na ufuko wa bara, maji hayakufika hata magotini. "Kule kisiwani utaona mchanga mkavu, utadhani bado. Mkondo huu ndio unaojaa kwanza. Unajaa nyuma yako."

Nilimsikia. Nataka mjue hilo, nilimsikia vizuri.

Mama yake Mzee Salim, Bi Zuhura, alivushwa kwenye kiti cha mbao na wanawe wawili. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, miguu haimtii tena lakini ulimi unamtii kuliko sote. Alikuwa ndiye mkubwa wa familia, ndiye wa kuonja.

"Shikamoo Bi Mkubwa," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Athumani kaniletea mtoto?"

"Anaumwa, Bi Mkubwa."

"Mungu atampa shifaa. Wewe unajua kupika au unajua kusugua sufuria tu? Maana hili linang'aa kama sinia la bi harusi."

Kule kisiwani niliweka mafiga yangu. Yalikuwa rimu za magari nilizobeba mwenyewe, maana mawe ya matumbawe yakipata moto hupasuka, na hilo ni moja ya mambo machache niliyoyajua kwa hakika. Wanawake wakamenya vitunguu thomu, mie nikakaanga. Mpaka kutia nyama na viazi mambo yalikwenda. Kisha nikamwaga mchele wa Pakistani. Mzee Salim alikuwa ametoa dukani kwake ule bora kabisa, "leo wageni wa Sharifu wale cha maana." Nikaona maji hayatoshi, nikaongeza. Nikaona bado, nikaongeza tena, kutoka madumu ya maji ya kunywa, maana kisiwani hakuna kisima. Nikafunika, nikapalia makaa juu.

Hapo ndipo upepo wa bahari ulipoanza kuyapeperusha makaa. Kila nikiyapanga juu ya kifuniko, yanazimika upande mmoja. Nikajiambia juu hakujaiva. Nikatengeneza makaa mengine, nikapalia upya. Dua ikasomwa pale kaburini, ubani ukafukizwa, ikaisha. Watoto wakaja wakakaa mduara, wakitazama kifuniko. Mzee Salim akaja.

"Vipi fundi?"

"Bado kidogo, mzee."

Akaondoka, akarudi. "Fundi, adhuhuri huwa tunaswali ng'ambo."

"Inakaribia, mzee. Juu hakujakaa sawa."

"Umeangalia?"

Sikuwa nimeangalia. Sufuria la pilau si redio. Na nyuma ya sheria hiyo kulikuwa na kitu kingine, ambacho nilikuja kukikiri miaka baadaye: nilikuwa naogopa jibu. Nikifunua mbele ya familia nzima nikakuta kiini katikati, kila mtu ataona. Chakula kikiwa kimefunikwa, hakuna mwenye uhakika kwamba nimeharibu, hata mimi.

Kombo akaja kutoka ufukweni, suruali imekunjwa.

"Maji yameshageuka."

"Mchanga mbona mkavu?"

"Nilikwambia nini asubuhi?"

"Kombo, wewe angalia bahari, mie naangalia sufuria."

Akanitazama. Safari hii hakutabasamu. "Haya. Tutaona kipi kitaiva kwanza."

Harufu ya kuungua ilianza. Nikajiambia ni kuni za mvinje, zina utomvu. Nikainama nikatega sikio kwenye ubavu wa sufuria, ndani kimya kabisa. Supu imekwisha kauka zamani. Mpishi yeyote kati yenu angefunua hapo hapo. Mimi nilipanga makaa.

Bi Zuhura alikuwa ameketi kwenye kiti chake chini ya kitambaa walichomfungia, tangu alfajiri hajala. Akaita.

"Mpishi! Funua."

"Bado kidogo, Bi Mkubwa."

"Sikukuuliza kama bado. Nimesema funua."

Nikapangusa makaa, nikafunua. Mvuke ulipotoka niliona punje moja moja, ndefu, hazikushikana, rangi imeingia mpaka ndani. Ilikuwa pilau nzuri kuliko yoyote niliyowahi kupika. Nikampakulia Bi Zuhura, akaonja, akasema, "Imeiva." Watoto wakapewa tonge mbili tatu. Mkono wangu ulikuwa umeshika upawa wa tatu, au wa nne, ndipo Kombo alipopiga kelele kutoka ufukweni, na hakuwa anatania.

"Tokeni! Wote! Sasa hivi!"

Mzee Salim akauliza kama hatuwezi kungoja maji yapwe tena. Kombo akajibu haraka haraka, huku anaokota mikeka: maji ya kunywa yamebaki dumu moja. Bamvua likijaa hufika mpaka kwenye miiba karibu na kaburi, watu wote hawaenei juu ya jiwe litakalobaki kavu. Yatapwa tena usiku, mtavushaje watoto na bibi gizani? Na ngalawa za kijiji zote ziko nje, hazirudi kabla ya jioni.

"Mwaga hiyo, tuondoke," Mzee Salim akaniambia, akakimbilia kwa mama yake.

Nikabaki mimi na sufuria. Watu wazima, ukimtoa Bi Zuhura, hawakuwa wameonja hata punje. Ile pilau, ambayo haikushikana, niwamwagie ndege? Nikatazama huku na huku. Nikarudisha kifuniko, nikakifunga kwa kamba, nikapitisha mti kwenye masikio. Nilijua kabisa chakula cha Sharifu hakivuki maji. Nilijua pia kwamba tumechelewa na mzigo utatuchelewesha zaidi. Nikajiambia tukifika bara watakula, watasahau kila kitu.

Wa kubeba nami upande wa pili alikuwa Hemedi, mkwe wa Mzee Salim, mtu mnene, mpole, asiye na haraka ya kugombana na mtu.

"Mbona zito?" akauliza.

"Chuma hiki."

Tukatembea. Baada ya hatua chache akasema, "Chuma kinanukia hiliki?"

Nikahamishia mti bega la pili.

Mchanga uliokuwa mkavu asubuhi ulikuwa sasa una maji ya vifundoni, yanakwenda upande mmoja kama yametumwa. Mie na Hemedi tulikuwa wa mwisho, mti unatukata mabega. Wengine walitungoja kwenye fungu la mchanga karibu na mkondo. Wangeweza kuanza kuvuka, lakini kamba ndefu iliyohitajika ilikuwa ile niliyofungia kifuniko. Nilipofika Kombo aliifungua bila kuniuliza, akaingia majini. Mkondo ulimfika kifuani, na maji yalikuwa yanamvuta mpaka akatembea kwa ubavu. Akafunga kamba kwenye mkoko ng'ambo, akarudi.

Watoto walivushwa kwanza mabegani mwa wanaume, wakilia. Kisha wanawake, wameshika kamba, mabuibui yamefutuka juu ya maji. Kila safari maji yalikuwa yamepanda kidogo. Kisha wana wawili wakamnyanyua Bi Zuhura kwenye kiti.

Walifika katikati. Mmoja akakanyaga shimo. Kiti kikalala upande, na yule mama akaingia majini mpaka shingoni. Sikusikia ukelele, nilisikia tu pumzi yake ikiingia. Wakamdaka, wakamrudisha kwetu kwenye fungu, ambalo lilikuwa limebaki dogo kama ua wa nyumba ya kupanga. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, na midomo imebadilika rangi. Mzee Salim alimvua shela iliyolowa akamfunika koti lake, akawa anamfunga vifungo.

"Mbebeni mgongoni," mmoja akasema.

"Maji yatamfika puani," Kombo akajibu. "Na kiti mkondo unakisukuma. Tunataka kitu kinachoelea." Akazungusha macho. Macho yakasimama kwenye sufuria langu.

"Hilo hapo."

Nikasema, "Lina..."

Bi Zuhura, anatetemeka vilevile, akanigeukia. "Lina nini?"

"Lina pilau, Bi Mkubwa."

Hemedi alitazama miguu yake. Mzee Salim aliinua uso kutoka kwenye vifungo, akanitazama kana kwamba nimezungumza lugha asiyoijua. Kisha akasema polepole, "Mama yangu anazama, wewe unabeba pilau?"

Niliinamisha sufuria. Pilau yote ikateremka majini kwa mkupuo mmoja, na nyama, na viazi, na zabibu. Mkondo ukaisambaza. Punje hazikushikana hata pale, ziliondoka moja moja, na samaki wadogo wakazifuata. Nimepika maelfu ya pilau tangu hapo, lakini hiyo ndiyo ninayoikumbuka punje kwa punje.

Chini ya sufuria kulikuwa na moto bado. Tulilitumbukiza likalia chaa, tukatandika khanga mbili, tukamketisha Bi Zuhura ndani amekunja magoti. Alienea. Tukapitisha mti kwenye masikio, akaushika kwa mikono miwili. Mbele mimi na Kombo, nyuma Hemedi na Mzee Salim. Tukaingia.

Mimi ni mfupi, na siku ile nilikuwa sijui kuogelea. Maji yalinifika kifuani, yakanifika shingoni. Nilikuwa nakanyaga kwa ncha za vidole, bega likiwa chini ya mti, nikisikia ribiti za Gerezani zinalia kila mkondo unaposukuma. Nikawa naziomba ribiti kwa majina yote ya Mungu. Sufuria likayumba, maji yakaruka ndani. "Taratibu!" Kombo akasema kati ya meno. "Msishindane nao. Ufuateni kidogo kidogo."

Katikati ya mkondo nikasikia mkwaruzo juu ya kichwa changu. Kru, kru. Nikadhani ni sufuria linapasuka. Nikainua macho. Bi Zuhura alikuwa ameachia mti mkono mmoja, amefunua pembe ya khanga, anakwangua ukoko kwa kucha.

Akatia mdomoni. Akatafuna.

"Mpishi."

"Naam, Bi Mkubwa." Maji yalikuwa kidevuni.

"Ukoko huu mnene kama kandambili. Mchele wako uliiva zamani. Ulikuwa unangoja nini?"

Hapo huwezi kudanganya. "Nilikuwa na wasiwasi, Bi Mkubwa."

"Na sasa?"

"Sasa nina wasiwasi zaidi."

Akacheka. Kicheko cha mtu aliyechoka na mwenye baridi, lakini kicheko, na sufuria likatikisika lote.

"Bi Mkubwa, usicheke!" Hemedi akapiga kelele nyuma. "Kwa jina la Mungu usicheke!"

Kisha mguu wangu ukagusa chini sawasawa, unyayo wote. Maji yakashuka kifuani, kiunoni. Wanawake wakatuingilia mbio na khanga kavu, wakamtoa mama yao kwenye sufuria kama wanavyotoa chungu jikoni, wakampeleka kwenye lori. Nilipogeuka nyuma, fungu tulilokuwa tumesimama halikuwepo.

Dereva alikuwa na chupa ya chai. Bi Zuhura alikunywa, rangi ikamrudia, akalalamika chai haina tangawizi, na hapo wote tukajua amepona. Mzee Salim aliswali, akaja mahali nilipokaa peke yangu nyuma ya gurudumu. Nilisimama. Nilitaka anitukane.

"Leo ningemzika mama yangu," akasema, "kwa sababu ya ukoko." Akaondoka. Mpaka Tandika hakusema nami tena.

Nilipokwenda kumsimulia Mzee Athumani, alinisikiliza mpaka mwisho amejifunika blanketi. Nikamwambia nilifuata maneno yake, sufuria la pilau si redio.

"Nani alikwambia mie sifunui?" akasema. "Mie nafunuaga. Nafunua nyie mkienda kuleta kuni." Akakohoa. "Nilisema vile kwa sababu yule kijana alikuwa anaiba nyama."

Nilikaa wiki kadhaa bila kutaka kushika mwiko. Kisha mwaka ukazunguka, na mtu akaja kutoka dukani kwa Mzee Salim kuniita. Nilidhani amekosea nyumba. Hakukosea, Bi Zuhura ndiye aliyesema nije. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akajibu, "Athumani hajawahi kuniogopesha, hajui ilivyo, kwa hiyo siku moja atachelewa. Wewe hutachelewa tena." Niliwapikia Kwa Sharifu kila mwaka mpaka alipofariki, na hatukuwahi kukuta mkondo umepita magoti. Kombo alinifundisha kuogelea, akinitukana kwa kila pigo la mkono. Sufuria lilibaki na mkwaruzo wa kucha chini, au mimi naamini ni wa kucha. Sasa mnalo nyie. Msilisugue sana.

Kazi yenyewe imebadilika, mnapikia gesi na watu wanakodi kumbi. Wasiwasi wangu haukubadilika. Bado naonja chumvi mara tatu, hata chai ya dada. Kilichobadilika ni kimoja. Tangu siku ile, nikifika kwenye shughuli nauliza kwanza watu wanaondoka saa ngapi na nani kati yao hawezi kutembea, ndipo nawasha moto. Na mtu mwenye njaa akiniuliza kama chakula kimeiva, simjibu. Namfunulia sufuria aangalie mwenyewe.